Enzi ya Swichi za Mafuta Kilindini

Zamani, umeme ulipokatika Kilindini, bandari ya Mombasa, hakuna aliyehitaji kuambiwa umekatikia wapi. Ulisikika. Swichi kubwa ya mafuta ikijifyatua ilitoa mshindo mzito ndani ya tangi lake la chuma, na watu wa Shimanzi waliozizoea waliweza kuutofautisha mshindo wa ghala hili na wa kiwanda kile. Papo hapo mashine zikanyamaza, feni zikazunguka kivivu mpaka zikasimama, wachukuzi wakatua magunia. Baada ya muda si mrefu fundi alionekana na tochi yake, funguo zikining'inia kiunoni, nyuma yake vijana wawili watatu wamebeba ngazi na ndoo. Ujana wangu niliumalizia katika msafara huo.

Siku hizi hausikiki. Swichi ya ombwe hukata umeme uleule ndani ya chupa ya kauri yenye urefu wa shubiri moja hivi. Hutoa mlio mfupi wa chuma, taa nyekundu ikazimika na ya kijani ikawaka, basi. Hakuna mafuta, hakuna moshi, hakuna harufu. Nimeishi nikaziona zote mbili, na sina shaka ipi ni bora. Chupa ndiyo bora. Lakini ndani ya tangi lile la mafuta mlikuwa na kitu kingine ambacho hatukukihamisha tulipohama, na hicho ndicho kinachonifanya niandike.

Mombasa haikuanza jana katika mambo ya umeme. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliipata jenereta iliyokuwa ikimulika kasri la Sultani wa Unguja, ikaletwa huku kwa kampuni ya kwanza ya umeme ya mji. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Kilindini nayo ilipata gati zake za kwanza za maji makubwa mwaka 1926. Kuanzia hapo kreni, maghala, pampu za Shimanzi na, ng'ambo ya maji, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichoanza kazi mwaka 1963, vyote vilitaka umeme mwingi, na umeme mwingi hutaka swichi za kuutawala.

Nyingi za swichi hizo zilitoka Uingereza. Mabamba yaliyopigiliwa milangoni mwake yalitufundisha majina ya miji ambayo hatukuwahi kuiona: Reyrolle ya Hebburn, Brush ya Loughborough. Zilikuwa nzito, zimepakwa rangi ya kijivu, na ziliundwa na watu walioamini kwamba kila kitu kitafunguliwa siku moja. Kila bolti ilifikika. Kila kipande kilikuwa na namba yake.

Kukata umeme wa volti 11,000 si sawa na kuzima taa ya chumbani. Ncha mbili za shaba zinapoachana, umeme haukubali kusimama. Huruka pengo na kugeuka moto wenye joto la maelfu ya digrii. Katika swichi ya mafuta, moto huo huzuka chini ya mafuta, ukayachoma yaliyo karibu na kuyageuza gesi, nyingi yake haidrojeni. Gesi hiyo huupoza moto na kuusukuma. Umeme wetu wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na katika mojawapo ya nukta hizo, pengo likiwa limeshapanuka na kupoa, moto hushindwa kuwaka tena. Yote huisha kabla hujapepesa jicho. Lakini mafuta ndiyo hulipa gharama. Kila mkato huacha masizi, na mikato michache ya hitilafu kubwa hutosha kuyafanya meusi tititi.

Hapo ndipo ilipofika siku ya kuifungua. Swichi ilizimwa, ikatolewa katika kizimba chake, ikatiwa kufuli, na nyaya zikaunganishwa na ardhi. Mkuu wetu, mzee wa Kibokoni aliyeanza kazi enzi za mkoloni, hakukubali neno la mdomo. "Mwanangu," alikuwa akisema, "usinambie imezimwa. Nambie nani ameifunga, na ufunguo uko mfukoni mwa nani." Ufunguo ulitakiwa uwe mfukoni mwa yule atakayetia mkono ndani, wala si kwa bosi, wala si ukutani. Sharti hilo limeokoa mikono mingi kuliko glavu zote za mpira zilizowahi kushushwa bandarini.

Kisha tulizungusha mkono wa winchi taratibu, tangi likateremka. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya mafuta yaliyoungua, iliyobaki kwenye nguo hata baada ya kufuliwa na kuanikwa. Halafu ncha zikaonekana, zikidondosha matone meusi. Zile za kubeba umeme wa kila siku mara nyingi zilikuwa bado laini, lakini zile zilizowekwa makusudi zipokee moto zilikuwa zimelika, zina mashimo, na pembeni mwake punje za shaba iliyoyeyuka na kuganda. Mzee hakutuachia tuziguse. Alitaka kwanza tuzisome. Zikiwa zimelika upande mmoja, maana yake hazikutani sawasawa. Zikiwa zimegeuka rangi kuwa buluu, maana yake zinapata joto siku zote, na springi imelegea. Zikiwa na mashimo mazito kuliko kawaida, basi huko nje kwenye kebo kulitokea hitilafu kubwa, hata kama karatasi ya ofisi iliandikwa kuwa ni jambo dogo. Baada ya kusoma ndipo zilipokuja tupa, msasa na vipande vipya, na koki ya kukatwa iwe kizibo kati ya tangi na mfuniko wake.

Mafuta nayo yalipimwa. Yalimiminwa katika kikombe kidogo chenye vichwa viwili vya chuma vilivyoachana kwa milimita 2.5, kisha umeme ukapandishwa polepole. Mafuta mazuri yalistahimili volti 30,000 na zaidi. Yenye maji yalisalimu amri mapema, ukaona cheche ikikatiza kikombe na uzi wa moshi ukielea. Maji ndiyo yaliyokuwa adui yetu mkubwa. Masika ikiingia, unyevu wa Kilindini ulipenya kila palipo na mwanya, na kiasi cha maji kisichoonekana kwa macho kilitosha kuyadhoofisha mafuta ya tangi zima. Tuliyachuja, tukayapasha moto, tukayapima tena. Kijana aliyekuwa na subira ya kurudia kipimo hadi mkuu aridhike ndiye aliyepewa kazi kubwa zaidi wiki iliyofuata. Hivyo ndivyo vyeo vilivyopatikana.

Pembeni mwa swichi palikuwa na rilei. Kwa asiyezijua, rilei ni swichi inayoamrishwa na sumaku: umeme mdogo unaingia kwenye koili, koili inavuta chuma, chuma kinafunga au kufungua njia ya umeme mwingine mkubwa zaidi. Zile za ulinzi zilikuwa na kisahani chembamba nyuma ya kioo. Umeme ukizidi kiasi, kisahani kilianza kuzunguka, taratibu ukizidi kidogo, upesi ukizidi sana, mpaka kikagusa ncha yake na kuamuru swichi ijifyatue. Ulikiona kwa macho kikitembea. Mzee alituweka mbele ya kioo na saa ya mkononi, tuhesabu sekunde, tulinganishe na mchoro. Kijana aliyekwisha kukitazama kisahani kile kikienda hakuhitaji kuelezwa mara ya pili kwa nini hitilafu kubwa hukatwa mapema kuliko ndogo.

Naona nisimame hapa niseme ukweli mwingine, msomaji asije akadhani nasifia enzi ya raha. Mafuta yale yaliwaka. Swichi iliyodhoofika ikikutana na hitilafu kubwa iliweza kupasuka, na gesi iliyotoka nayo ikashika moto. Mwenzetu mmoja aliungua mikono yote miwili, akaishi na makovu hayo hadi mwisho wa kazi yake. Mafuta machafu yalimwagwa nyuma ya vibanda, ardhi ikayanywa, na hakuna aliyeuliza yanaelekea wapi katika kisiwa chenye visima vya maji. Tulivuta moshi wake, tulinawa kwa petroli. Anayeitamani enzi hiyo kwa jinsi ilivyokuwa hakuwahi kusimama mbele ya tangi linalovuja.

Na wenye akili walikuwa wameshaiona njia nyingine zamani sana. Mwaka uleule wa 1926 ambao Kilindini ilipata gati zake, huko California Royal Sorensen na H. E. Mendenhall wa chuo cha Caltech walionyesha kwamba swichi iliyowekwa katika ombwe inaweza kukata umeme mkubwa kwa pengo dogo mno. Anayetaka kulielewa ombwe aitazame chupa ya chai ya mama muuza mahamri: kati ya kuta zake mbili hewa imetolewa, joto likakosa njia ya kutokea. Katika chupa ya swichi hewa imetolewa vilevile, na umeme ndio unaokosa njia. Hewa kavu hushindwa kuuzuia umeme unapofika takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Katika ombwe safi, milimita moja huzuia volti 20,000 na zaidi.

Wazo lilikuwepo, lakini mikono ya kulitimiza haikuwepo bado. Chuma na shaba huficha gesi ndani yake, na moto wa umeme huitoa gesi hiyo, ombwe likaharibika. Maungio ya kioo na chuma yalivuja. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka watafiti wa General Electric huko Marekani, Thomas Lee akiwa miongoni mwao, walipojua kusafisha metali vya kutosha, na mwaka 1962 kampuni hiyo ikatangaza swichi za ombwe za kuuza. Kuanzia hapo maboresho yalifuatana, na kila moja lilikuwa jibu la shida fulani.

Ncha za shaba tupu ziligandana kwa joto. Wakachanganya shaba na bismathi kidogo, ili zikigandana ziachane kirahisi. Lakini mchanganyiko huo ulilika upesi na ulikuwa dhaifu. Baadaye wakapata shaba na kromiamu, mchanganyiko unaotawala mpaka leo, maana hauliki sana, haugandi sana, na husaidia hata kuvuta chembe za gesi zilizobaki. Moto wa umeme nao ulikuwa na tabia ya kujikusanya mahali pamoja na kutoboa ncha. Wakazichonga ncha kwa mikato ya mzunguko, ili umeme wenyewe utengeneze usumaku unaoukimbiza moto kandokando, usitulie popote. Kisha wakabuni umbo jingine ambalo usumaku wake huutandaza moto juu ya ncha nzima. Vioo vikabadilishwa kwa kauri, ambayo huvumilia joto la tanuri, na chupa nzima ikawa inaungwa ndani ya tanuri lisilo na hewa. Ncha inayotembea ikawekwa kwenye mvukuto wa chuma kisichoshika kutu, mwembamba mno, unaojikunja na kujikunjua mara elfu kumi na zaidi bila kuruhusu hewa kuingia.

Kulikuwa na shida moja iliyowasumbua hasa wenye mota kubwa. Chupa za mwanzo zilikata umeme kwa pupa, kabla haujafika sifuri, na ukatili huo ulirusha mawimbi ya volti yaliyotoboa koili za mota na transfoma. Shaba na kromiamu ilipunguza tabia hiyo, na vizuia mawimbi vikawekwa kumalizia. Nayasema haya kwa urefu kwa sababu kijana wa leo akiiona chupa imekaa kimya hudhani ilizaliwa hivyo. Haikuzaliwa hivyo. Imepigwa tupa na akili za watu kwa miongo mingi, kama ncha zetu zilivyopigwa tupa na mikono yetu.

Ombwe lilifika Kilindini kwa mlango mwingine pia, mlango wa redio. Aprili 1942 ndege za Kijapani zilipiga Colombo na Trincomalee, na meli za kivita za Uingereza za Bahari ya Hindi zikahamia Kilindini. Pamoja nazo walikuja wasikilizaji na wafumbuzi wa siri za redio za Wajapani, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Mwaka huohuo huko San Jose, California, Jo Emmett Jennings alianzisha kampuni iliyopata jina kwa vifaa vya ombwe vya redio, na katika miaka ya 1960 ikafuata kampuni ya Kilovac. Rilei ndogo za ombwe, nyingine zinaenea katika kiganja, zikaingia kwenye mitambo ya redio ya meli, ya ndege na ya rada.

Katika karakana yetu alikuwepo fundi wa redio aliyepanda kila meli iliyotia nanga ikiwa na mtambo mbovu. Alituonyesha tofauti kwa vitu viwili mezani. Kimoja kilikuwa rilei ya wazi ya antena, ncha zake zimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari, na kati yake pengo la kidole kizima. Kingine kilikuwa rilei ya ombwe ya kioo. Uliweza kuona ndani yake: vijiti viwili vya metali, kimoja kimetulia, kimoja kinacheza, na pengo ambalo ukilitazama kwa mbali hulioni. Akitia umeme kwenye koili, kijiti kilihama kwa milisekunde chache. Kwa mwendo huo mtumaji wa Morse aliweza kusikia wenzake kati ya nukta na nukta za ujumbe wake mwenyewe, na meli iliyoomba msaada haikufunikwa na kelele za aliyekuwa akizungumza.

Rilei hizo nazo hazikubaki zilivyokuwa. Kioo kilipasuka kwa mtikisiko, kikabadilishwa kwa kauri. Zile za kubeba umeme bila kuukata zikapewa ncha za shaba, maana shaba hupitisha bila kuchemka. Zile za kukata umeme ukiwa umo zikapewa tangsteni au molibdeni, maana huvumilia moto. Palipokuwa na kazi ya kumwaga umeme wa kapasita kwa ghafla, wakajaza gesi iliyoshindiliwa badala ya ombwe. Leo dada zake zimo katika mashine za hospitali za kushtua moyo uliosimama, na kontakta zilizozibwa kwa mtindo huohuo zimo katika magari ya umeme, zikitenga betri na injini.

Chumba cha redio cha melini chenyewe kimeondoka. Saa yake ya ukutani ilikuwa na vipande vyekundu, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48, wakati ambapo kila kituo cha Morse kilitakiwa kunyamaza na kusikiliza kama kuna chombo kinachozama. Tarehe 1 Februari 1999 utaratibu wa setilaiti na mitambo inayojiendesha ulianza kutumika kikamilifu, na mtumaji wa Morse akashuka melini. Fundi wetu wa redio alishuka naye.

Nilipoziona swichi za ombwe kwa mara ya kwanza kwenye kazi zetu, mwishoni mwa miaka ya 1980, nilizipenda. Pwani hii huila metali. Upepo wa kusi huleta chumvi mpaka ndani ya makabati, na kila kilicho wazi huoza. Chupa iliyozibwa haijui kusi wala kaskazi. Nje yake itabidi uipanguse vumbi na chumvi, lakini ncha zake zinakaa katika usafi ambao hakuna chumba Mombasa kinao. Hukata hitilafu kubwa mara kadhaa wa kadhaa bila kuguswa. Kuna swichi nyingine zinazotumia gesi ya SF6, nazo ni hodari, lakini kilo moja ya gesi hiyo ikivuja hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 23 za hewa ya ukaa. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika swichi mpya za hadi kilovolti 24 kuanzia mwanzo wa 2026. Chupa ya ombwe haivujishi kitu, kwa kuwa ndani hamna kitu.

Lakini haifunguliwi. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kuipima, unatia volti nyingi kati ya ncha zake zikiwa zimeachana, na unasimama mbali kidogo kwa sababu ya miale ya eksirei inayoweza kutoka. Ikistahimili, ombwe lipo, isipostahimili, inatupwa. Kujua kama ncha zimelika, unapima kijiti cha nje kimeingia ndani kwa kiasi gani, na kikipita takriban milimita 3 hesabu imekwisha. Vipimo viwili, saini, mlango unafungwa. Kazi iliyochukua siku nzima na watu wanne sasa inachukua saa chache na mtu mmoja na nusu.

Mwajiri wetu wa wakati huo alifanya hesabu hiyo upesi. Vijana wa kujifunza kazi wakaacha kuchukuliwa. Aliyechuja mafuta hakuhitajika, aliyekata koki hakuhitajika, na wazee waliostaafu hawakuulizwa lolote siku ya kuagwa. Rilei za visahani zikang'olewa, zikawekwa za kidijiti, ambazo huandika kila hitilafu hadi milisekunde lakini hazina kioo cha kijana kusimama mbele yake. Karakana yenyewe ikafungwa. Swichi za Reyrolle zikakatwa kwa gesi, zikauzwa kwa kilo.

Matokeo yake nayaona kila siku. Nakutana na vijana wenye diploma, wepesi wa kompyuta kuliko tulivyowahi kuwa wa tupa, wanaoweza kusoma rekodi ya rilei kutoka simu ya mkononi. Nawauliza: umeme unapokatwa ndani ya chupa ile, ni nini kinachowaka, na hewa hamna? Wengi hunyamaza. Kinachowaka ni mvuke wa ncha zenyewe. Umeme ukifika sifuri, mvuke hugandia kwenye ngao ya metali iliyozizunguka kwa muda mfupi kuliko milisekunde, ombwe likarudi kama lilivyokuwa. Ni jambo la ajabu na zuri, na wanalitumia kila siku bila ya mtu kuwaambia. Kisha chupa ikifa, ofisi huagiza nyingine, na sote tunaketi kungojea meli, katika mji uliokuwa ukitengeneza meli za watu.

Nimekaa nikifikiri ni nani wa kulaumiwa, na chupa haina hatia. Iliyozibwa ni chupa, si elimu. Sisi ndio tuliodhani kwamba kifaa kisichofunguliwa hakihitaji mwalimu, kumbe ndicho kinachomhitaji zaidi. Swichi ya mafuta ilifundisha yenyewe, kwa sababu ilikulazimisha uifungue. Hii nyingine isipoelezwa na mtu, haisemi.

Na mji huu hauna udhuru. Mwaka 1951 ilifunguliwa hapa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ile tuliyoiita MIOME, kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan na wengineo, makusudi vijana wa pwani wapate ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya mji, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Jina limepanda ngazi, na ni heshima kwetu. Naomba mazoezi ya mikono yapande pamoja nalo.

Fort Jesus tumehifadhi vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na tumefanya vyema. Mtoto wa shule huonyeshwa mizinga na vyungu vya mgeni aliyekuja kuwaokoa wenzake waliozingirwa ngomeni. Hana pa kuonyeshwa swichi moja ambayo babu yake aliifungua, akaisafisha na kuifunga kwa miaka 30 ili kreni za Kilindini zisisimame. Nafasi ya kabati moja ingetosha: tangi moja la mafuta, rilei moja ya kisahani, rilei moja ya kioo, chupa moja ya ombwe.

Wahenga walisema kuzima koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote yanawezekana mwaka huu. Wakuu wa mitambo, bandarini na viwandani, chupa ikifa msiitupe. Ipelekeni chuoni ikapasuliwe mbele ya wanafunzi, waone mvukuto, ngao na mikato ya ncha kwa macho yao. Wazee wenzangu mliobaki, Mji wa Kale, Majengo, Changamwe, msingoje kualikwa. Nendeni mkaketi na vijana mkiwa bado mnakumbuka. Nanyi vijana, mkikabidhiwa kifaa mkaambiwa hakifunguliwi, ulizeni kimefungiwa nini ndani, na msikubali kuondoka bila jibu.

Mafuta na yabaki zamani. Ufundi ni haki yenu, udaini.